Msusi Aliyefumba Macho Kwenye Dua

Watu wengi wanamjua kwa picha moja tu. Ni ile ya wanawake waliokaa kwenye mikeka wakiomba dua, viganja vimefunguliwa, na yeye katikati yao amefumba macho kama mtoto anayesubiri sindano. Walimcheka sana, wengine wakamtukana. Mimi nilikuwepo, nimekaa ubavuni kwake. Na kama ni haki ya kumcheka, mimi nilikuwa nayo kuliko wote, maana yeye ndiye aliyeingia katika nyumba niliyotolewa mimi. Lakini walioandika habari zake magazetini hawajawahi kukaa naye chumba kimoja. Mimi nimekaa naye, na nitamwandika nilivyomwona.

Ni msusi. Alilelewa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa, mtoto pekee wa mwanamke aliyekuwa akifua vitambaa vya madhabahu na kuimba kwaya. Baba alikwenda kutafuta kazi, akapata kazi na mke huko huko. Mtoto alijifunza kusuka kwenye vichwa vya wanakwaya, amekaa nyuma yao wakati wanafanya mazoezi, na nyimbo akazijifunza hapo hapo. Ndiyo maana mpaka leo vidole vyake vikianza kusuka, mdomo nao unaanza kuimba, hata kama mteja ni mke wa shehe. Wateja wamemzoea. Mmoja alimwambia, "Leo umeniokoa mara mbili, nywele na roho."

Alipokua alifungua saluni yake, chumba chenye viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni na draya inayonguruma kama lori linalopanda mlima. Mimi nilikuwa mteja wake. Alinisuka vizuri, na hakuwa na tabia ya kuvuta nywele za watu mpaka macho yakapanda juu.

Wakati huo nilikuwa mke wa diwani. Mimi ni dobi, napiga pasi ya mkaa, na kila shati alilopandia jukwaani lilipita mezani kwangu kwanza. Sikusoma. Kwetu walisomeshwa kaka zangu. Mume wangu alipoanza kuonja ukubwa, akawaita wajomba zake, akasema mbele yangu: "Huyu hajui hata kusaini kitabu cha wageni. Nikifika juu nitasimama naye vipi?" Wajomba walitazama chini. Talaka nilipewa kabla chai haijapoa. Nikarudi kwenye chumba alichoniachia marehemu mama yangu, nimebeba pasi yangu. Kusoma nilijifunza baadaye, ukubwani, kwa hasira. Hazikupita siku nyingi nikasikia ameoa, na aliyemuoa ni msusi wangu.

Sitasema niliyosema nilipopata habari hiyo. Saluni yake sikukanyaga tena. Nilikata nywele zangu mwenyewe, kwa mkasi wa nguo, na zilionekana hivyo.

Miaka ikaenda. Diwani akawa mbunge, mbunge akawa waziri. Kisha uchaguzi wa rais ukafika, na chama chao kikamsimamisha mgombea ambaye ni mzee wa kanisa, mtu wa kusali kabla ya kula na kabla ya kuhutubia. Kwa hiyo mgombea mwenza lazima awe Mwislamu. Hilo hata muuza mkaa wangu alilijua, wala hakuhitaji kuambiwa na redio. Waliotajwa walikuwa wachache. Mmoja walisema ni wa dini mno, atawatisha watu wa kanisani. Mwingine alijulikana kwenye baa zote za mji. Akabaki yeye. Anakwenda msikitini Ijumaa, anasema vizuri, suti inamkaa na kanzu inamkaa. Alikuwa Mwislamu wa kiasi, kama chumvi. Tatizo lilikuwa nyumbani kwake, na kwa ajili ya tatizo hilo kijana mmoja alikuja kwenye chumba changu cha kupigia pasi, amebana suruali, ana simu mbili. Kazi yake ilikuwa kupanga mikakati ya kampeni, na mimi nikamwita Mkakati tangu siku hiyo.

"Habari za kazi, mama?"

"Kazi hiyo iko mezani, unaiona."

"Tuna tatizo dogo nyumbani kwa Mheshimiwa."

"Nyumbani kwake mimi nilishatolewa. Ukiwa na tatizo la shati, lilete."

Alicheka, akatafuta pa kukaa, akakosa, akaegemea mlango. Akanieleza. Wapinzani walikuwa wameanza kusema kwamba kanisa limechukua kiti cha juu na sasa limeingia mpaka chumbani kwa mwenza. Likienea neno hilo, kura za misikitini zitakimbia, na kama zitakimbia, basi mwenza hana kazi.

"Kwa hiyo mnataka amwache," nikasema. "Kuacha mwanamke anajua, hahitaji kufundishwa."

"Hapana, mama. Talaka kwenye kampeni ni sumu. Tunataka shemeji asilimu. Atatangaza jukwaani, siku ya mkutano mkubwa. Kabla ya hapo aonekane kwenye shughuli za akina mama, amevaa vizuri, anajua kukaa, anajua kusalimia, anajua kuomba dua. Tunataka umfundishe."

"Shehe mmemwona?"

"Tumemwona."

"Amesemaje?"

Alikuna shingo. "Amesema ndoa ni halali ilivyo. Mke wa Kitabu, Mkristo au Myahudi, halazimishwi."

"Basi mmeshajibiwa."

"Shehe anajua dini, mama. Mimi najua kura."

Nikamuuliza kwa nini wamenichagua mimi, wakati mji umejaa walimu wa madrasa. Hakuficha. "Wewe ukiwa ndani, hutazungumza na magazeti. Ukiwa nje unaweza kuzungumza." Nikaona kijana huyu si mjinga. Nilikubali, na wala si kwa sababu ya dini. Nilitaka kumwona yule mwanamke akitokwa jasho mbele yangu.

Alikuja mchana, gari likamshusha pembeni ya barabara, amevaa miwani nyeusi na kitambaa kilichofungwa ovyo. Aliingia akasimama kati ya kamba za nguo kama mtu aliyeitwa polisi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mimi si Bi Mkubwa wa mtu. Huo ukubwa niliuacha kule unakokaa wewe."

"Basi nikuite nani?"

"Niite dada, halafu vua hiyo miwani. Humu ndani hakuna jua."

Alivua. Alikuwa amekonda. Nikamwonyesha kufunga mtandio, na hapo sikupata nilichokitaka, kwa sababu kitambaa na kichwa ndiyo kazi yake. Alikizungusha mara moja, akachomeka pini, kikakaa vizuri kuliko changu. Salamu alizijua pia, nusu ya wateja wake ni Waislamu. Udhu aliushika upesi. Alipokwama ni kwenye dua. Nilimkalisha kwenye mkeka, nikamfungulia viganja, nikaanza. Nilipomtazama, alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa.

"Fumbua macho."

Alifumbua. Baada ya muda mfupi yakajifunga tena.

"Nimekwambia fumbua. Kufumba hivyo ni kwa kanisani, watakujua mara moja."

"Nikifumbua naona pasi, naona mashati, nakuona wewe. Nitamwombaje Mungu huku nakuona wewe?"

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka. "Kwani unaomba? Umeletwa hapa uigize."

"Ndiyo shida yangu hiyo, dada. Siwezi kuigiza. Nikishakaa hivi, moyo unaanza kuomba kweli."

"Unaomba nini?"

"Mama asisikie."

Ndipo akanieleza. Mama yake alikuwa bado anaimba kwaya, sauti imeanza kukatika lakini hakosi. Aliposikia mwanawe ameposwa na Mwislamu hakupinga. Alisema tu, "Olewa, lakini usimwache Mungu wako kwa sababu ya mwanamume." Jumapili mtoto huyo, mke wa waziri, alikuwa akitoka kimya kimya akakae naye kwenye benchi la nyuma. Tangu kampeni ianze alikuwa amekatazwa.

"Akisikia nimesimama jukwaani nimebadili dini, hatanitukana," akasema. "Atanyamaza. Mama yangu akinyamaza, dada, nyumba nzima inakuwa baridi. Na mimi mwenyewe sijaacha. Kama ningekuwa nimeona mwanga upande wenu ningekuja na miguu yangu. Lakini hivi nakuja kwa gari la chama."

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema niwasikilize watu wa ofisi."

Pale nikamwambia jambo nililokuwa nalo moyoni tangu mwanzo. Nilimwambia nitamfundisha kuvaa na kukaa, lakini shahada, ile kauli ya kusilimu, simfundishi. Shahada si fulana ya chama, ya kuvaa leo na kufua kesho. Siku akiiamini aje, nitamshika mkono. Kabla ya hapo, asithubutu kuisema mbele yangu.

"Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia hapana tangu haya yaanze," akasema. Kisha, akiwa bado ameketi mkekani, "Dada, naomba nikwambie kitu. Aliponiposa aliniambia mmeshaachana. Alisema mnakaa nyumba moja kwa ajili ya wazee tu. Ulikuwa ukija kusuka, ukimtaja 'mume wangu', nilifikiri unajikaza kwa sababu ya aibu. Nilikuonea huruma."

Mimi nilikuwa nimemtengenezea moyoni hadithi nyingine kabisa, na nimeishi nayo miaka. Ghafla tukasikia harufu ya kuungua. Nilikuwa nimeisahau pasi juu ya kola.

"Shati la nani hilo?" akauliza.

"La mumeo. Ofisi yao imeanza kuniletea."

Alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. Nikamletea maji ya kunywa. Tangu siku hiyo hakuja na miwani.

Shughuli ya akina mama ilifanyika kwenye ukumbi wa shule. Ilikuwa dua ya kuombea uchaguzi upite kwa amani, na mke wa shehe ndiye aliyeiongoza. Mkakati alipanga watu mwenyewe, huyu huku, yule kule, wapiga picha mbele. Msusi alikaa katikati, mtandio umemkaa, na mimi ubavuni kwake. Alisalimia vizuri. Alijibu vizuri. Dua ilipoanza alifungua viganja, akafumba macho.

Nilimgusa kwa kiwiko. Akafumbua, akaniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisha yakajifunga tena. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Nilijua anaomba kweli, na nilijua anaomba nini. Sikumgusa tena. Kamera zilikuwa mbele yetu, zinabofywa.

Kesho yake picha ilikuwa kwenye kila simu. Muuza mkaa aliniletea gunia na habari pamoja.

"Mke wa mwenza amelala kwenye dua."

"Hakulala."

"Basi alikuwa anajificha Mungu asimtambue."

Kuna Waislamu waliokasirika, na siwezi kuwalaumu. Walikuwa wamedanganywa, na mtu kudanganywa ndani ya ibada yake inauma. Lakini hasira waliitupa kwa yule ambaye hakudanganya. Waliopanga uongo walikuwa ofisini, wamewasha viyoyozi.

Mama yake aliiona picha kwenye simu ya mwalimu wa kwaya. Alikwenda mpaka saluni, akasimama mlangoni, hakuingia. Haya nimeambiwa na Msusi mwenyewe. Anasema chanuo lilimtoka mkononi.

"Nimeiona," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umefumba macho."

"Ndiyo, mama."

"Kama nilivyokufundisha." Akarekebisha kitambaa chake begani. "Jumapili kuna ibada." Akaenda zake.

Nilifikiri Mkakati amefukuzwa kazi. Siku mbili tatu baadaye alirudi kwangu, uso unang'aa kama aliyepata mtoto. Msusi alikuwa hapo, amekuja kuniletea taulo za saluni nimfulie.

"Picha imetuokoa," akasema. "Tumepima upepo. Wazee wamenuna, lakini vijana wameipenda. Wanasema nyumba moja, dini mbili, ndiyo nchi yetu. Kwa hiyo tumebadilisha mpango. Shemeji, unabaki Mkristo."

"Ninabaki," Msusi akasema taratibu.

"Tena Mkristo wa kuonekana. Jumapili, ibada ya pili, kiti cha mbele, Mheshimiwa pembeni yako na kofia yake. Mama mzazi atakukumbatia mlangoni. Tumeshapanga gari la kumchukua. Na uvae msalaba, mkubwa kidogo, kamera ziuone."

"Sina msalaba mkubwa."

"Tumenunua."

"Wiki iliyopita mliniambia kanisa linaharibu kura."

"Wiki iliyopita ilikuwa wiki iliyopita, shemeji."

Nilimtazama Msusi. Walikuwa wanamrudishia kitu alichokuwa akikiomba mkekani kwangu, benchi la mama yake, lakini wameshakifunga kwenye kitambaa cha chama. Aliweka taulo mezani, akazikunjua moja moja, akazikunja tena, ingawa zilikuwa chafu.

Jumapili aliamka mapema, akavaa gauni lake la kawaida, akatembea kwa miguu mpaka nyuma ya kanisa akamchukua mama yake. Wakaenda ibada ya kwanza, ile ya wauguzi, walinzi na watu wenye zamu. Walikaa benchi la nyuma. Hakuna aliyewapiga picha. Baada ya ibada alimrudisha mama nyumbani, akaenda kufungua saluni, simu akaichimbia chini ya taulo.

Ibada ya pili msafara ukafika. Mheshimiwa alikaa kiti cha mbele na kofia yake, pembeni yake kiti kitupu. Gari lililotumwa kumchukua mama lilimkuta anapika, akawaambia, "Mimi nimeshasali, wanangu. Karibuni chakula." Mchungaji alihubiri kirefu, na kamera hazikuwa na pa kutazama isipokuwa kile kiti.

Mimi nilikuwa nimepeleka taulo saluni wakati magari yalipokuja kusimama mlangoni. Wanawake waliokuwa ndani wakanyamaza. Mmoja alikuwa chini ya draya, hakusikia kitu, akaendelea kumsema wifi yake kwa sauti kubwa mpaka akabinywa.

Mheshimiwa aliingia. Sikuwa nimemwona karibu tangu siku ile ya wajomba. Amenenepa, na kola yake ilipigwa pasi na mtu asiyejua kazi, kwa sababu mimi mashati yake nilishakataa.

"Hujambo," akaniambia.

"Sijambo."

Hatukuwa na zaidi ya hapo. Akamgeukia mkewe. Mkakati alibaki mlangoni na simu zake.

"Umeniaibisha mbele ya nchi nzima."

"Nilikwenda kanisani," Msusi akasema. Alikuwa anasuka, hakuacha. "Si ndivyo mlivyotaka?"

"Ibada ya pili. Uliambiwa ya pili."

"Ya pili ilikuwa yenu. Mimi nilikwenda yangu."

Alishusha sauti, ile sauti nzuri ninayoijua. "Sikiliza, mke wangu. Yaliyopita yamepita. Mkutano mkubwa umekaribia, na siku hiyo lazima usimame na mimi. Haiwezekani nisimame peke yangu."

Hapo ndipo alipoacha kusuka. Alifuta mikono kwenye aproni, akamkabili.

"Nitasimama na wewe. Sijakataa. Nataka kitu kimoja tu. Niambie wewe mwenyewe, si wale wa ofisini. Asubuhi ukiamka ukaniona pembeni yako, unataka niwe nani? Ukisema Mwislamu, nina mwalimu hapa, nitajifunza kwa moyo, na nikiamini nitakuja. Ukisema nibaki nilivyo, nitabaki na sitaona haya. Lakini uniambie wewe, leo, tujue nyumba yetu ni ya namna gani. Ukisema, nitakwenda nikasimame popote."

Yule bwana amehutubia viwanja vilivyojaa watu mpaka kwenye miti. Nimemsikia akisema bila karatasi tangu jua la mchana hadi kivuli kirefu. Lakini hapo alinitazama mimi, sijui kwa nini. Kisha akageuza shingo akamtazama Mkakati mlangoni.

"Ngoja kwanza nizungumze nao," akasema.

"Haya," akasema Msusi.

Alimgeukia mteja wake, akamwambia ainamishe kichwa. Mheshimiwa alisimama kidogo, kama anayesubiri kuambiwa kitu kingine, halafu akatoka. Dirishani niliwaona wakizungumza kati ya magari, mikono inakwenda juu na chini, kila mmoja na lake. Kisha milango ikafungwa, wakaondoka. Yeye hakuinua macho kutazama. Nilimwona tu ameuma midomo, na vidole vyake, ambavyo havijawahi kumuumiza mtu, vikavuta nywele za yule mama mpaka akaguna.

"Samahani, mama."

"Vuta tu, mwanangu," yule mama akajibu. "Leo nakuruhusu."

Jioni hiyo alihamia kwa mama yake, kwenye ile nyumba ya nyuma ya kanisa. Sikumshauri ahame wala sikumshauri abaki. Nilimsaidia kubeba godoro.

Siku ya mkutano mkubwa Mheshimiwa alisimama jukwaani peke yake, na wakatangaza kwamba mkewe anaumwa homa. Siku hiyo saluni ilikuwa na wateja mpaka jioni. Wa kwanza aliyeingia alimuuliza kama amepona. Msusi alivuta kiti, akamwambia, "Kaa nikuoshe nywele."